Ligeuze Kwanza: Namna ya Kuisoma Tanzanaiti Kabla Hujailipia

Ukitaka kununua tanzanaiti, usikubali kuitazama ikiwa imelala kwenye kijisanduku chake chini ya taa za kabati la duka. Omba uishike, kisha uigeuze. Jiwe hili lina rangi tofauti kwa kila upande wa fuwele yake, na karibu kila unachopaswa kujua kabla ya kutoa hela utakiona likizungushwa: kama ni halisi, kama aliyelikata alijua anachofanya, na kama bluu iliyokuvutia dukani ndiyo utakayoikuta ukifika nyumbani.

Mimi ni sonara, nafanya kazi Arusha. Mawe nayapokea yakiwa yamekatwa, nayapachika kwenye pete, hereni na vidani, na miaka ikipita baadhi yananirudia yakiwa yamekwaruzika au yamepasuka. Kwa hiyo nalijua likiwa jipya na nalijua likiwa limeshavaliwa. Naumia kila nikiona mtu amelipa pesa nyingi kwa kioo, au amepata jiwe zuri kweli halafu hakuna aliyemwambia namna ya kulitunza.

Unanunua nini hasa

Tanzanaiti ni zoisaiti, madini yenye kalisi, alumini na silika, na bluu yake inatokana na vanadi kidogo sana iliyomo ndani ya fuwele. Zoisaiti ya aina nyingine inapatikana nchi kadhaa, lakini hii ya bluu inayofaa kukatwa kuwa kito inachimbwa Mererani tu, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, si mbali na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ukanda wenyewe ni wa kilomita chache, na tangu 2018 umezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5. Jiwe linakaa kwenye miamba yenye kinywe, yaani grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, ndiyo maana wachimbaji wanatoka shimoni wakiwa weusi kuanzia kichwani hadi miguuni, na ndiyo maana ndani ya baadhi ya mawe utaona vidoadoa vyeusi vinavyong'aa. Hivyo ni vipande vya kinywe. Vinapunguza bei, lakini kwangu ni ushahidi mzuri wa jiwe lilikotoka.

Aliyelivumbua ni Jumanne Ngoma, mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanaiti na kulipeleka sokoni. Mzee Ngoma alisubiri sana kutambuliwa ipasavyo. Ni Aprili 2018, siku ukuta unazinduliwa, Rais John Magufuli alipomwita mbele ya watu na kumpa shilingi milioni 100. Alifariki mwanzoni mwa 2019. Nalitaja jina lake kwa kila mteja anayeniuliza historia ya jiwe, kwa sababu wengi wanaifahamu Tiffany na hawamfahamu yeye.

Habari ya Juni 2020 mnaikumbuka: mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Lile tukio liliwafanya watu wadhani kila jiwe kubwa ni utajiri. Wewe mnunuzi wa kito cha kuvaa unahesabu kwa karati, na gramu moja ina karati tano. Ulizia bei kwa karati, usiulizie bei ya jiwe zima, la sivyo huwezi kulinganisha duka moja na jingine.

Namna ya kuligeuza

Anza na mwanga. Nenda karibu na dirisha au simama kivulini nje, mchana, na uliweke jiwe juu ya karatasi nyeupe. Jua kali la moja kwa moja linafanya kila kitu king'ae, halikusaidii. Ukishaliona kwa mwanga wa mchana, litazame tena chini ya balbu ya mwanga wa njano. Kwa mwanga wa mchana bluu ndiyo inayotawala, kwa balbu ya njano zambarau inapanda, na kwa mawe mengine inapanda mno hadi unaweza kuapa umebadilishiwa. Ni tabia ya tanzanaiti, haina ubaya wowote, ila uione kabla ya kulipa. Kama pete ni ya kuvaliwa harusini usiku, basi rangi ya usiku ndiyo utakayoishi nayo kwenye picha.

Sasa shika kibano, bana jiwe kiunoni, pale penye duara lake nene, na ulitazame kutoka juu. Rangi unayoiona hapo ndiyo rangi ya mbele. Kisha ligeuze polepole utazame kupitia ubavuni, halafu uzungushe ubavu mwingine. Tanzanaiti halisi itabadilika mbele ya macho yako: ubavu mmoja bluu nzito, ubavu mwingine zambarau. Fuwele ghafi lina rangi ya tatu pia, kahawia, njano ya asali au nyekundu iliyofifia. Rangi hiyo ndiyo inayoondoka jiwe likichomwa, na bluu na zambarau zikabaki.

Kama una miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, ile inayozuia mng'ao wa maji na lami, unacho kifaa kizuri kuliko unavyodhani. Washa taa ya simu, iwe chini ya karatasi nyembamba nyeupe, weka jiwe juu yake, na ulitazame kupitia kioo kimoja cha miwani. Zungusha kioo robo ya duara. Utaona rangi ikihama kutoka bluu kwenda zambarau. Isipohama, ligeuze jiwe liegemee upande mwingine ujaribu tena, kwa sababu kuna mielekeo ya fuwele ambayo haikuonyeshi mabadiliko. Ukishajaribu pande zote na rangi ni ileile moja, acha mazungumzo ya bei. Kioo hakina rangi mbili. Zirkonia bandia, jiwe la kutengenezwa linalotumika kuigiza vito, haina rangi mbili.

Ukishamaliza hapo, weka jiwe juu ya gazeti au karatasi yenye maandishi, uso wa juu ukikutazama. Kama unayasoma maandishi kupitia katikati ya jiwe, limekatwa bapa mno: mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi machoni, na katikati patakuwa pamepauka hata ulipachike kwenye dhahabu gani. Mkataji alitaka lionekane pana. Kinyume chake lipo pia, jiwe lenye kitako kirefu lililobebeshwa karati ambazo huzioni ukilivaa. Kati ya hayo mawili bora hilo la pili, kwa kuwa angalau rangi inakuwa nzito na mkataji mwingine anaweza kulirekebisha.

Bluu au zambarau

Hapa ndipo watu wanapobishana, na mimi nina upande wangu. Soko linalipa zaidi bluu nzito yenye zambarau kidogo kwa ndani. Sababu mojawapo iko mezani kwa mkataji. Mafuwele mengi yamekaa kwa namna ambayo ukitaka uso wa mbele uwe bluu lazima upoteze uzito mwingi, na ukikubali zambarau unabaki na jiwe kubwa zaidi. Kwa hiyo ukikuta jiwe la bluu safi, kuna mtu alikubali kutupa karati ili akupe rangi ile, na ana haki ya kudai bei yake.

Lakini kama ni la kwako mwenyewe na huna mpango wa kuliuza, chukua rangi inayokukaa. Kuna zambarau za Mererani ambazo mimi nazipenda kuliko bluu nyingi ninazoletewa, hasa kwenye hereni, kwa sababu hereni zinacheza na mwanga wa balbu na hapo ndipo zambarau inapowaka. Jambo la kukataa ni upauke. Jiwe lililopauka hadi linaonekana maji, hata likiwa kubwa na safi, litakuchosha. Na ujue kwamba rangi nzito kwenye jiwe dogo ni adimu. Chini ya karati moja nyingi huwa nyepesi, rangi inahitaji kina. Ukionyeshwa kijiwe cha nusu karati chenye bluu ya kutisha, usifurahi haraka, kipime kwanza kwa njia nilizoeleza.

Kuhusu zile herufi za A, AA na AAA ambazo wauzaji hutumia kutaja ubora wa jiwe: hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kinachozitawala. AAA ya muuzaji huyu inaweza kuwa AA ya mwenzake wa duka la pili. Amini macho yako yaliyokwisha kuona mawe matano kwa pamoja kwenye karatasi moja nyeupe. Mwombe muuzaji ayapange, asikuonyeshe moja moja.

Habari ya kuchomwa

Mteja akisikia jiwe limechomwa anadhani ameibiwa. Karibu tanzanaiti zote unazoziona madukani zimepita motoni, kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, polepole kupanda na polepole kupoa. Moto ule unaondoa ukahawia na kuiacha bluu, na rangi ikishabadilika haifutiki kwa jua wala kwa miaka. Yapo mawe machache yaliyotoka ardhini yakiwa bluu tayari, lakini hata maabara hawawezi kwa kawaida kukutofautishia, kwa hiyo anayekuongezea bei kwa maneno ya “hili halijachomwa” wakati liko bluu anakuuzia maneno. Anayekuonyesha jiwe ghafi la kahawia mtaani na kukuahidi litakuwa bluu ukilichoma anakualika kwenye bahati nasibu ya wafanyabiashara. Lenye ufa linaweza kupasuka tanurini. Mwachie aliyezoea hasara hizo.

Bandia zinazozunguka

Kioo ni rahisi. Kwa lensi ya kukuza mara 10 utaona viputo vya hewa vya mviringo, na kona za nyuso zake zimefifia badala ya kuwa kali. Zirkonia bandia utaijua kwa uzito: kwa ukubwa uleule inaelekea kuwa nzito mara mbili hivi ya tanzanaiti, na inametameta rangi za upinde wa mvua kupita kiasi.

Ya kuogopa ni fostaraiti ya kutengenezwa, madini mengine kabisa. Rangi yake inafanana sana, na hata watu wa kazi huwababaisha. Shika lensi, tazama kutoka juu hadi chini kwenye kitako, uangalie mistari ambapo nyuso zinakutana. Kwenye fostaraiti ile mistari inaonekana miwili miwili, kama mtu mwenye homa anavyoona. Kwenye tanzanaiti inabaki mmoja, au mgawanyiko wake ni mdogo mno kuuona kwa lensi hiyo. Geuza jiwe utazame kutoka pande mbili tatu kabla ya kuamua.

Kuna pia tanzanaiti halisi iliyopauka ikapakwa tabaka jembamba la rangi. Hii haitagunduliwa kwa kuangalia rangi mbili, maana jiwe ni la kweli. Tafuta kwenye kona za nyuso na kiunoni: tabaka huanza kuchubuka pale, na utaona vijistari vyeupe vilivyopauka pembezoni mwa bluu.

Ukiona mtandaoni wanatangaza “tanzanaiti ya maabara”, pita. Tanzanaiti ya kutengenezwa kwa ajili ya vito haipo sokoni. Wanachouza chini ya jina hilo ni kitu kingine.

Kwa jiwe la pesa kubwa usitegemee macho yangu wala yako. Arusha tuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na zipo maabara zinazotoa ripoti. Nunua kwa mwenye leseni, udai risiti iliyoandikwa uzito kwa karati. Yule kijana anayekufuata na kikaratasi kilichokunjwa akikwambia jiwe limetoka shimoni asubuhi hii, mwambie asante uendelee na safari yako.

Maana ambazo watu wanalipa jiwe hili

Wateja wengi wanakuja na sababu. Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kiliiongeza tanzanaiti kwenye orodha ya mawe ya kuzaliwa ya Desemba, orodha iliyopangwa 1912 na kurekebishwa 1952. Tangu hapo nimepata kazi nyingi za zawadi za watoto wa Desemba. Pia ni jiwe la mwaka wa 24 wa ndoa, mwaka mmoja kabla ya jubilei ya fedha, ambao watu wengi wanausahau. Ukitaka kumshangaza mwenzako, huo ndio mwaka.

Kuna hadithi utakayosimuliwa kila duka la watalii, kwamba radi ilipiga, nyasi zikaungua, na wafugaji wa Kimaasai wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka bluu. Ni tamu, na imeuza mawe mengi. Mimi siwaambii wateja kama historia. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kwa Wamaasai, ambao ardhi yao ndiyo iliyobeba jiwe hili, bluu kwenye shanga ni rangi ya mbingu na mvua inayonywesha ng'ombe. Na kwenye bendera yetu bluu ni maji, maziwa yetu, mito na bahari. Mtu anayempa binti yake bluu ya Simanjiro ana maana za kutosha hapo, hahitaji radi ya kubuni.

Wapo wanaouza tanzanaiti kama dawa ya wasiwasi au ya kuvuta bahati. Sijawahi kuliuza jiwe kwa ahadi hiyo. Nimeona mawe yakipendwa na kurithishwa, na hilo halihitaji miujiza.

Likishakuwa lako

Tanzanaiti ni laini kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kipimo cha Mohs iko kati ya 6 na 7, wakati yakuti ya bluu iko 9. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo ukilifuta jiwe kavu kwa kitambaa unalikwaruza mwenyewe. Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji, sugua chini yake kwa mswaki laini, kisha kausha. Lihifadhi peke yake kwenye kifuko, lisilale na almasi wala yakuti.

Kidani na hereni ni salama zaidi. Pete inawezekana, ila kwa pete ya kila siku nawashauri wateja wachague ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote badala ya kucha nne zilizoinuka kulishika, na waivue wanapofua, wanapolima, wanapobeba ndoo.

Kitu cha pili ni kwamba jiwe hili lina njia yake ya kupasukia. Pigo moja au badiliko la ghafla la joto kwenye mwelekeo ule, linaachana lote. Kwa hiyo lisiingie kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo wala ya mvuke, na lisikaribie moto wa kuchomelea.

Mama mmoja aliniletea pete aliyopewa na mumewe. “Fundi, niliipeleka mahali ikapunguzwe tu, mbona sasa ina mstari katikati?”

“Pole sana mama. Walilitoa jiwe kabla ya kuchomelea?”

“Sikuona wakilitoa.”

Nikaitazama kwa lensi. Ufa mmoja, umenyooka, umeanzia kiunoni na kuvuka hadi upande wa pili, na pembeni mwake kuna kung'aa kwa rangi za mafuta pale hewa ilipoingia. Dhahabu ilikuwa imepunguzwa vizuri tu, kiungo hukioni. Lakini moto ulikuwa umepita jiwe likiwa ndani. Tulikubaliana nilitoe kwenye pete na kulipachika kwenye kidani chenye ukingo mzima, mahali ambapo haligongwi, na bado anakivaa.

Kwa hiyo pete ikihitaji kupunguzwa, kuongezwa au kuchomelewa kucha, usimwachie fundi ukaondoka. Mwambie ni tanzanaiti, jiwe litolewe kwanza mbele yako, lipimwe, na karati zake ziandikwe kwenye risiti ya matengenezo. Piga picha ukiwa na lensi kama unayo. Akikujibu kwamba hakuna haja ya kulitoa, chukua pete yako utafute fundi mwingine.